Spika ya Kushoto

Chumba kile kilikuwa na kiti kimoja tu. Mtu wa pili alikaa juu ya gunia la mahindi akingoja zamu yake, na kwa miaka mitatu mtu huyo wa pili nilikuwa mimi. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, wakati wanaume wa rika langu wanaosha magari au wamelala tu, nilivuka ua kutoka nyumba yangu ya kupanga hadi nyumba kubwa, nikavua viatu mlangoni, nikamkabidhi Mama simu yangu, kisha nikafungiwa ndani na mzee aliyetaka nimwambie sauti iko wapi.

Tulimwita Mwalimu Mkuu, na bado tunamwita hivyo. Yeye alistaafu, jina likakataa kustaafu. Hata mkewe, ambaye sisi wapangaji tunamwita Mama, humwita hivyo mbele ya wageni. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi nilikoanzia kazi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, na ndiye aliyenipa nyumba kwenye ua wake nilipofika kutoka upande wa ziwa nikiwa na sanduku moja na godoro. Kwa hiyo alikuwa bosi wangu kwanza, kisha landilodi wangu, kisha jirani. Mtu wa namna hiyo akikuita Jumamosi, huwa huna shughuli nyingine.

Chumba chenyewe kilikuwa cha wanawe kabla hawajakwenda kuanza maisha yao. Alitoa vitanda, akaziba dirisha kwa blanketi mbili, akamwita fundi amwekee mlango mzito wa mbao. Ndani akaingiza spika mbili kubwa zinazonifika kiunoni, alizonunua kule Kesses kwa mhadhiri mmoja mgeni aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Pamoja nazo ilikuja mashine ya kuchezea santuri na amplifaya nzito iliyohitaji dakika kumi kupata joto. Mhadhiri alimwachia na somo pia. Kiti na spika mbili, alimwambia, vinapaswa kufanya pembetatu yenye pande sawa. Ukizipanga vizuri, sauti ya mwimbaji haitoki kulia wala kushoto. Inasimama katikati, mahali pasipo na kitu.

Kwenye chumba kile, mahali hapo pasipo na kitu palikuwa na msumari. Zamani ulishikilia kalenda ya wanawe. Spika zikikaa sawa, mwimbaji alitakiwa asimame pale penye msumari, na Mwalimu Mkuu alikuwa tayari kumtafutia nafasi hiyo hata kama ingechukua asubuhi nzima. Alipima kwa ile rula ndefu ya mbao ya ubaoni, aliyoondoka nayo shuleni na ambayo hakuna aliyethubutu kumwomba airudishe. Kila spika ilipopata mahali pake, alichora alama ya chaki kwenye saruji mbele yake. Sakafu ya chumba kile ilikuwa nyekundu, ya kung'arishwa kwa nta, na Mama alikatazwa kuipiga deki.

Nitasema ukweli kuhusu siku ya kwanza, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo. Nilikuwa nimetoka harusini Moi's Bridge usiku wa manane, tumbo limejaa, macho mekundu. Aliniita, akaniketisha kwenye kiti, akaweka santuri ya rumba ya zamani. Nilisikia muziki, basi. Ulitoka kwenye masanduku mawili kama muziki wote niliowahi kusikia. Santuri ilipoisha aliniuliza sauti iko wapi. Sikujua, ila niliona macho yake yametulia ukutani kwenye msumari, nikasema, "Hapo kwenye msumari, Mwalimu." Nililitoa jibu usoni mwake, kama mtoto anayeibia mtihani. Alijipiga paja kwa furaha. Kumbe wanawe walikaa pale, mchungaji alikaa pale, afisa wa kilimo alikaa pale, na wote walisema sauti inatoka kwenye spika. Mimi peke yangu ndimi niliyekuwa na sikio. Nilidhani nimejinunulia ruhusa ya kwenda kulala. Nilikuwa nimejifunga kamba.

Juma la tatu au la nne ndipo nilipomsikia mwimbaji kweli. Alisimama pale ukutani, juu kidogo ya msumari, mpiga gitaa wake upande wa dirisha, na mimi nilishtuka hata nikashika mkono wa kiti. Kwa hiyo sikio alilolisifu nilikuja kulipata, lakini baada ya sifa. Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Masharti ya chumba yalikuwa mengi. Funguo zilitoka mfukoni kwa sababu zinalia. Koti lilivuliwa kwa sababu linameza sauti, hata mwezi wa Julai ambapo hapa kwetu asubuhi meno yanagongana. Saa ya ukutani ilifukuzwa. Simu zilitiwa kwenye sufuria jikoni na kufunikwa, na kama mke wangu alikuwa na shida nami, alikuja mwenyewe hadi jikoni akaambiwa na Mama kwamba niko ndani. Alikuwa akiniuliza jioni kama siku hizi nimeolewa kule. Kabla ya santuri kuwekwa, Mwalimu Mkuu alinawa mikono kama daktari, kisha akazunguka chumba akipiga makofi mara moja katika kila pembe, akisikiliza jinsi kofi linavyorudi. Ukikohoa wakati huo, alianza upya.

Na mahindi. Hiyo habari wengi hawaniamini. Ana shamba mahali paitwapo Ziwa, na baada ya mavuno magunia ya nyumbani hayakwenda stoo tena. Yalipangwa ukutani na kwenye pembe za chumba cha muziki, kwa sababu aligundua kwamba gunia la mahindi linazima ule mngurumo wa besi unaojikusanya pembeni. Tangu Desemba hadi Aprili sauti ilikuwa safi. Kuanzia Mei magunia yalipoanza kwenda kusagwa posho mill moja baada ya jingine, chumba kikawa kitupu na yeye akawa na kisirani. Alilalamika kwamba tunakula besi yake. Mama alimuuliza kama anataka nyumba ilale njaa, naye akajibu bila mzaha kwamba wale yaliyo ukutani na wayaache ya pembeni. Basi ya pembeni yalikaa mpaka yakaota wadudu, na Jumamosi moja nilitazama mdudu akipanda taratibu juu ya goti langu, nami siruhusiwi kumpangusa kwa sababu wimbo haujaisha.

Mtu huyu huyu, shuleni, hakuvumilia hata mluzi. Watoto wa darasa la nne walipita nje ya ofisi yake wakinyata. Ni mzee wa kanisa, na kanisa lao halipendi nyimbo za dunia, lakini mlango ukishafungwa alisikiliza rumba na magitaa ya waimbaji wa zamani wa Kikalenjin, wakiimba habari ya wasichana na pombe. Aliniambia yeye hasikilizi maneno, anasikiliza mpangilio. Nikatazama soksi yake chini ya kiti, kidole gumba kinapiga mdundo, nikatazama pembeni. Na huyu huyu aliyebania sifa kama chumvi, mke wangu alipojifungua, alileta maziwa mlangoni petu kila jioni kwa miezi minne. Aliyabeba mwenyewe kutoka zizini, akayaweka kwenye ngazi, akaondoka bila kubisha hodi. Tulipomshukuru alituambia ng'ombe amezidisha.

Ugomvi wake na Mama ulikuwa vitambaa. Mama husuka vitambaa vya uzi mweupe, na katika nyumba ile hakuna kitu kilicho uchi: makochi, meza, televisheni, hata jagi la maji. Spika mbili kubwa bila kitambaa zilikuwa aibu kwake. Alizifunika, Mwalimu Mkuu akafunua. Alifunika tena. Mwishowe alisuka viwili vyenye matundu makubwa, akasema hivi hata sauti ya mbuzi inapita, na mzee akavijaribu kwa rula na masikio siku mbili, akakubali. Ninavitaja vitambaa kwa sababu lilipoanza lile jambo, lawama ya kwanza iliviangukia vyenyewe.

Ilikuwa mwaka wa pili, baada ya Krismasi. Alianza kusema kwamba mwimbaji anahamia kulia. Akaondoa kitambaa cha spika ya kushoto, hakupata nafuu. Akanunua waya mpya. Akaleta fundi kutoka mjini, fundi akafungua spika, akapuliza vumbi, akaifunga. Bado. Ndipo akafanya kile ambacho mwalimu wa hesabu lazima akifanye: tulizibadilishia nafasi spika zote mbili, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto, kazi iliyotutoa jasho nusu saa. Akakaa, akasikiliza. Upande wa kushoto ulikuwa bado umefifia. Alifurahi kabisa. Amethibitisha kwamba spika ni nzima na waya ni mzima, alinieleza akihesabu kwa vidole, kwa hiyo kosa ni la chumba. Kulikuwa na kidole kimoja zaidi cha kuhesabu, na hakukinyoosha.

Mimi nilikinyoosha kichwani siku ile ile. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba nikimsalimia nikiwa kushoto kwake haitiki. Uani alikuwa akigeuza kichwa chote kama kuku ukimwita. Chumba hakikuwa na kosa, na nilijua kwa sababu nilikuwa nakikalia kiti kile kila juma na mwimbaji alikuwa palepale penye msumari.

Alisogeza spika ya kushoto mbele upana wa kiganja, akachora alama ya pili, akakaa, akatikisa kichwa ameridhika. Akanipisha kiti. Nilikaa. Mwimbaji alikuwa ameuacha msumari na kusogea kushoto kuelekea dirishani, si mbali, hatua moja.

"Sauti iko wapi?"

"Katikati, Mwalimu."

Sasa nijitetee kwa lipi? Nilikuwa naishi kwake. Mwanangu alikuwa akinywa maziwa yake. Kwetu na kwao pia humwambii mzee kwamba mwili wake umeharibika, unamwachia mtu wa umri wake amwambie. Hizo ni sababu na zote ni za kweli, lakini iliyonifunga mdomo haimo humo. Nilipenda kuwa mtu mwenye sikio. Katika miaka yangu yote ya ualimu hakuna aliyewahi kuniita niamue jambo, na hapa kulikuwa na mwanamume aliyeogopwa na kata nzima, anangoja neno langu akiwa na chaki mkononi. Nikisema sauti iko kushoto, basi nimesema yeye haisikii. Na nikisema leo, ataniuliza na juma lililopita je? Kila Jumamosi niliyonyamaza iliiziba ya kabla yake, mpaka nikawa siwezi kurudi nyuma.

Amplifaya ile ina kitufe cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Kukizungusha kidogo tu kungemtosheleza, na kungenitoa mimi kwenye dhambi ya kila juma. Nilimwonyesha mara moja. Alinitazama kana kwamba nimemshauri tuwaongezee watoto alama za mtihani. Kitufe, alisema, ni cha watu wasiotaka kujua kosa liko wapi.

Alama ziliendelea. Kiganja kimoja, kisha kingine. Ile pembetatu ya mhadhiri iliharibika, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, na yeye aliyefundisha pembetatu kizazi kizima akasema kila chumba kina hesabu yake. Kufikia mwaka wa tatu spika ya kushoto ilikuwa karibu na goti la anayekaa kitini. Nilipokaa pale, mlango umefungwa, blanketi dirishani, mwimbaji alinipumulia sikioni. Sikio la kushoto liliuma. Nilihesabu beti. Nilikaza uso ili usionyeshe kitu, kwa sababu yeye alikuwa amesimama mbele yangu akiusoma, na santuri ilipoisha nilisema katikati. Usiku niliota nimekaa kwenye kiti kile na miguu haifiki chini.

Mama alijua. Hakujua habari ya alama, lakini mke anajua. Mezani alikuwa amehamia upande wa kulia wa mumewe bila kusema kitu, na vyombo vyote vikahama naye. Asubuhi moja ya katikati ya juma alinikuta kwenye tangi la maji nikijaza mtungi, akaweka ndoo yake chini na kunikazia macho.

"Mwalimu, huyu mzee hasikii na hii upande," alisema akijigusa sikio la kushoto. "Na inatoa uchafu, naona kwa mto wa kitanda. Nikimwambia aende hospitali anasema shida ni mimi, nimezoea kelele za kwaya. Watoto wakisema, hao kwake ni watoto. Wewe ndio anakuamini. Mwambie tu, tafadhali."

Niliahidi Jumamosi.

Jumamosi hiyo mvua ilikuja mapema, na mvua yetu ikipiga mabati hakuna muziki. Alizima mashine. Lakini hakufungua mlango, alisema tungoje ipite, chumba kisipoteze joto. Tulikaa saa nzima, yeye kitini na mimi kwenye gunia, juu yetu kishindo kitupu. Kungekuwa na wakati mzuri zaidi wa kusema? Hata nisingehitaji kumtazama. Nilikuwa nimeshavuta pumzi aliposema, kwa sauti ya kushindana na mvua, kama najua kwa nini ananiita mimi na si mtu mwingine.

Nilisema sijui. Akanikumbusha mwaka wangu wa kwanza shuleni, mkutano wa walimu, niliponyoosha mkono nikasema saa yake ya mkononi iko mbele dakika saba na shule nzima inafuata saa hiyo. Walimu wengine walikuwa wakijua kwa miaka na wamezoea. Nakumbuka alivyotazama mkono wake, akatazama saa yangu, akairekebisha yake. Mimi niliisema kwa ujinga wa mgeni, hata sikujua kwamba ni jambo zito. Yeye alilitunza miaka yote hiyo. "Tangu siku hiyo," alisema, "nilijua kuna mmoja hapa hawezi kunificha kitu."

Pumzi niliyoivuta niliitoa hivyo hivyo. Mvua ilipopita aliwasha mashine, akaweka santuri, akanipisha kiti. Nilisema katikati. Nikitoka, Mama alinipa simu yangu kutoka kwenye sufuria na kuniuliza kwa macho, nami nikasema bado kidogo, Mama, juma lijalo. Nilisema juma lijalo majuma mengi, mpaka akaacha kuniuliza, na hilo lilinichoma kuliko kuulizwa.

Alianguka zizini asubuhi akienda kukamua. Dunia ilimzunguka, alisema, akashika ng'ombe na ng'ombe akasogea. Mwanawe mkubwa alikuja na gari wakampeleka hospitali, na huko ndiko walikomwangalia sikio kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kitu kinachoota ndani, kimeota polepole muda mrefu, kimekula vile vifupa vidogo na kuendelea mbele. Walimpasua. Kitu walikitoa chote, maisha yake hayakuwa hatarini tena, lakini sikio lile lilikuwa limekwisha. Mama alinieleza haya mlangoni pangu akiwa bado na koti la safari. Daktari, alisema, aliuliza mara mbili kwa nini hawakuja mapema. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimsaidie kushusha mifuko kutoka kwenye gari.

Kwa miezi miwili sikuvuka ua. Nilimwona akikaa jua la asubuhi, kitambaa cheupe kichwani, nikampungia mkono kutoka mbali na yeye akapunga. Jumamosi zangu zilikuwa huru, nami nilizitumia kukaa ndani pazia limefungwa, nikimwambia mke wangu nasahihisha madaftari.

Kisha Jumamosi moja Mama akabisha na kusema ninaitwa.

Nilivua viatu. Nilimpa simu. Chumbani kulikuwa na magunia ya mavuno mapya, na harufu yake ilikuwa nzuri. Spika zilikuwa pale pale zilipoachwa, ile ya kulia mbali ukutani, ile ya kushoto karibu na kiti. Yeye alikuwa amekaa ameshika rula, amekonda, nywele zimenyolewa upande mmoja na zinaanza kurudi. Nilienda kukaa kushoto kwake kwa mazoea. Alinionyesha kulia, nami nikaburuta gunia nikazunguka. Niliuliza hali. Alisema ni nzuri, anamshukuru Mungu, sema tu masikio ya watu ni mawili na yeye hakujua kazi ya la pili mpaka lilipokwenda. Siku hizi, alisema, muziki wote uko mahali pamoja, hata akihamisha nini.

Aliigeuza rula mikononi.

"Daktari aliniuliza hii kitu ilianza lini," alisema. "Nikamwambia sijui, pengine mwezi moja ama mbili. Akaandika hivyo. Mimi naye tukakubaliana ni mwezi moja ama mbili."

Nilitazama msumari ukutani.

"Halafu nimerudi nikakaa hapa nikiangalia hii sakafu." Akanyoosha rula, akagusa alama za chaki moja moja, kutoka ile ya mbali hadi ile ya gotini pake. "Kila moja ya hizi, mimi nilitoka kwa kiti na wewe ukakaa. Ulikuwa unasikia nini?"

Ningeweza kusema katikati. Neno lilikuwepo mdomoni, lilikuwa limezoea njia.

"Nilikuwa nasikia iko kushoto, Mwalimu."

"Tangu gani?"

"Tangu hiyo ya pili."

Aliinuka polepole, mkono mmoja kwenye spika, akainama hadi sakafuni. Alama ya pili ilikuwa ile ya upana wa kiganja. Aliweka kiganja chake kati yake na ya kwanza, kikaenea sawasawa.

"Hapa?"

"Hapo."

"Hapa ilikuwa bado ni kitu ya kutoa tu," alisema akiwa bado ameinama. "Daktari alisema hivyo. Ukikuja mapema wanatoa, unaenda nyumbani na sikio yako."

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilimwogopa, nilimheshimu, sikujua nianze vipi, na nilisema vingine ambavyo sikumbuki, vyote kwa mkupuo mmoja. Alinyanyuka akakaa, akangoja nimalize kama alivyokuwa akiwangojea wazazi ofisini kwake.

"Lakini mimi nilikuwa nakuuliza," alisema.

Hakuwa na hasira. Nilitamani awe nayo. Alinawa mikono kwenye bakuli lililokuwa pale, akaipangusa, akaweka santuri, ile ya rumba. Hakupiga makofi pembeni. Akakaa amegeuza kiti upande, sikio lake zima limeelekea ukutani, macho amefumba. Mimi nilikaa juu ya gunia nikamsikia mwimbaji ananiimbia mahali fulani kati ya spika ile iliyo mbali na ile iliyo karibu, hovyo hovyo, hakuna mahali alipokaa. Kidole gumba cha soksi kilikuwa kimetulia.

Santuri ilipoisha niliinuka nikasogea, kama kawaida, ili anipishe kiti. Nilikuwa nimejiandaa. Safari hii ningemwambia kila kitu, pale mwimbaji alipo na pale mpiga gitaa alipo, hata kama angenishika mpaka jioni. Hakuinuka. Aliitazama santuri ikizunguka bila sauti, sindano ikikwaruza.

"Unaweza kwenda, Mwalimu," alisema.

Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Alishangaa kuniona, akafunua sufuria na kunipa simu, akauliza kama tumeshamaliza. Nilisema tumemaliza. Haikuwa bado saa nne. Nilisimama uani, jua limetoka, siku nzima iko mbele yangu, nami sikujua niende wapi.

Kodi nampa Mama. Mwalimu Mkuu tukikutana langoni hunisalimia vizuri, huuliza shule inaendeleaje, huuliza mtoto. Jumamosi iliyofuata nilivaa soksi safi, nikakaa karibu na mlango tangu saa tatu kasorobo. Nilisikia mlango mzito ukifungwa kule ng'ambo ya ua, na baadaye kidogo, gitaa. Hakuna aliyekuja kuniita.